Yago Kwa Ajili ya Elijah

Dolphine alikuwa anaanika mtama kwenye turubai mbele ya nyumba yake, bondeni Lambwe, wakati lori la mahema lilipoingia langoni. Alikuwa amepiga magoti, anatandaza punje kwa kiganja na kuokota mawe. Kuku mmoja alikuwa anamvizia kwa nyuma, naye alikuwa na kijiti tayari. Lori likasimama karibu na mtama, karibu sana, akainuka.

Wanaume wakashuka. Wakatoa vyuma vya hema, kisha viti vya plastiki, kisha spika kubwa za kutangazia.

"Mmepotea," akawaambia. "Hapa hakuna msiba."

Mkubwa wao, mwanamume mnene aliyeitwa Ken, akatazama simu yake. "Hapa si kwa Elijah, yule wa kuchimba dhahabu Macalder?"

"Ni hapa."

"Basi hatujapotea. Pole sana, mama. Tenti tuweke wapi, hapa ama pale kwa ndizi?"

Dolphine akauliza Elijah amefanya nini. Ken akasema wao ni watu wa kushusha tu, lakini simu imesema marehemu ni Elijah, na tangu aanze kazi simu haijawahi kumtuma kwenye boma lisilo na marehemu. Aliyasema hayo kwa upole, ameshika kofia mkononi. Dolphine akatazama mtama wake. Kisha akakunja turubai pembe kwa pembe, kwa sababu hata kama ni uongo, watu wakija wataukanyaga.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni moja ya mazishi mjini Migori ilikuwa imenunua mtambo wenye akili, wakauita Mratibu. Zamani mtu akifa, jamaa walihangaika wenyewe. Huyu anatafuta jeneza, huyu viti, huyu anapeleka tangazo redioni, na njiani wanagombana. Mratibu ulifanya yote mara moja. Ulisikiliza habari, ulijua simu ya kila mtu imelala wapi, ulijua fundi yupi ana mbao kavu na lori lipi liko tupu. Watu waliusifu, na sifa hiyo ilikuwa ya haki, maana mwili haukuharibika tena ukingoja ndugu wapatane.

Kazi moja tu ndiyo waliyoitoa. Kulikuwa na mwanamke pale ofisini, Risper, ambaye alipiga simu nyumbani kwa wafiwa kabla ya jambo lolote kuanza, akauliza, "Mwili mmeuona kwa macho yenu?" Mratibu ulipima swali hilo ukaona linachelewesha, kwa sababu watu wakiulizwa hivyo hulia kwanza ndipo wajibu. Swali likaondolewa. Risper akabaki ofisini akipika chai.

Asubuhi hiyo shimo la dhahabu liliporomoka kule Macalder. Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Elijah alikuwa ametoka kwenda kunywa uji kando ya njia, na koti lake lilibaki chini shimoni, limetundikwa kwenye gogo, simu ikiwa mfukoni. Udongo ukalifunika koti. Mratibu ukasikia habari ya shimo, ukaona simu ya Elijah haitikisiki, ukaanza kazi.

Mchana redio ikatangaza. Ikasema familia inasikitika, ikawataja wa kupokea habari mmoja mmoja: Joyline binti yake aliye Nairobi, Barnabas wa Lambwe, mashemeji wote wa Sindo. Hakuna jina lililokosewa. Jirani wa kwanza kusikia akapiga nduru, wa pili akaipokea, ikapanda bonde nyumba kwa nyumba kama inavyopanda siku zote. Dolphine hakulia. Alisema atalia akionyeshwa kitu cha kulilia.

Jioni Elijah akafika kwa pikipiki. Mwenye pikipiki alikataa kuchukua kitu. "Boss, hii pikipiki imepanda kilima kama haijabeba mtu," akasema. "Mimi nitakulipisha nini sasa?" Akageuza, akaenda zake.

Elijah akasimama langoni, akaona hema, akaona watu.

"Nani amekufa?"

"Ni wewe," akajibu Barnabas, mdogo wa baba yake, aliyekuwa amechukua kiti cha mbele. "Na usipite hapo langoni. Umeshaliliwa. Mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti langoni mpaka tujue yeye ni nini."

"Baba mdogo, mimi niko hapa."

"Tunakuona. Kuna mtu amesema hatukuoni? Pita hapo kwa ua, wanapopita mbuzi."

Elijah akapita wanapopita mbuzi. Mbwa wake akanusa viatu vyake, akarudi kulala. Shemeji mmoja kutoka Sindo akapaza sauti, "Yawa, Elijah! Hata matanga yako mwenyewe umekuja umechelewa?" Hema zima likacheka, na Elijah akacheka pia. Lakini mwanamke mmoja pembeni aliendelea kulia. Alikuwa ametoka mbali, na kilio alichokuja nacho hangeweza kurudi nacho.

Dolphine akamletea mumewe ugali na omena. Akamtazama akila. Alikula vizuri, ila kila alipoinua mkono sahani ilibaki imejaa vilevile, na mwishowe akasema ameshiba.

Kesho yake jeneza likaletwa. Lilikuwa la urefu wake barabara, na upande wa bega la kulia lilikuwa limepanuliwa kidogo, maana bega hilo lilikuwa limevimba kwa kubeba mawe. Elijah mwenyewe akasifu kazi ya fundi. Ken akabonyeza simu yake kuonyesha kwamba jeneza limefika, na wakati uleule kivuli cha Elijah kikaondoka. Jua lilikuwa limepanda. Viti vilikuwa na vivuli, jeneza lilikuwa na kivuli, hata sufuria. Dolphine ndiye aliyeona kwanza. Akasogeza kigoda chake, akaketi mahali ambapo kivuli chake kingemwangukia Elijah, ili watu wasimkodolee macho.

Baadaye kikaja kibali cha kuzika. Ken akabonyeza tena. Kuku akapita katikati ya mguu wa Elijah, mguu mmoja, akatokea upande wa pili akiendelea kudonoa.

"Umesikia kitu?" Dolphine akamuuliza.

"Kama upepo kidogo."

"Wakimaliza hii kazi yao utabaki nini?"

Elijah hakujibu. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, hata kupita kiasi, na huko kunyamaza ndiko kulikomfanya Dolphine achukue leso yake na mkoba aende Migori.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na vioo, ubaridi na kiti kimoja cha mgeni. Meneja, Mogaka, alikuwa kijana mwenye adabu. Aliinuka kumpokea, akamwita mama, akamwambia Risper alete chai. Dolphine akaeleza yote kuanzia kwa lori. Mogaka akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akatazama kioo cha mashine yake kwa muda.

"Ni kweli, mama. Hapa anasomeka amefariki."

"Na nyumbani ameketi."

"Nakuamini. Shida ni kwamba kuamini kwangu hakuna mahali pa kuandikwa kwenye mashine. Kazi ikishaanza, sistimu inajua kuifunga kwa njia moja tu. Kaburi lifunikwe, Ken apige picha."

"Isimamishe basi."

"Tulijaribu na mzee mmoja wa Kehancha. Tukazima, tukawasha. Ilianza upya na ikamuongezea tenti ya pili."

Dolphine akashika kikombe, hakunywa. "Na ikifungwa?"

"Ikifungwa, inamsahau. Haimtafuti tena. Jina linatoka kabisa."

Dolphine akalishika neno hilo. Kama mtambo ungemsahau Elijah, basi yeye angembakiza. Aliliona hivyo, na hakuna aliyekuwa pale wa kumwonyesha vinginevyo. Mogaka alimsindikiza hadi mlangoni akisema pole, na pole yake ilikuwa ya moyoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

Risper akamfuata nje, amebeba birika.

"Kwenu ni wapi?" akamuuliza.

"Nimezaliwa Sindo. Nimeolewa Lambwe."

"Nyar Sindo, binti wa Sindo, mimi ningekupigia simu."

"Nimesikia."

"Ningekuuliza, mwili mmeuona kwa macho yenu?"

"Ningekuambia hapana."

"Basi ningeandika hapana."

Mazungumzo yenyewe yalikuwa hayo, na yalikuwa yamekwisha kabla birika halijapoa.

Dolphine aliporudi nyumbani aliwaeleza wenye boma kwamba mtambo unataka kaburi lifunikwe, na hausemi ndani kuwe na nini. Barnabas akapiga paja.

"Hiyo tu? Sisi tumekosa mwili mara ngapi, na ziwa liko hapo? Mtu akizama asionekane, tunazika yago. Tutaipa hiyo mashine yago."

Yago ni tunda la mwegea, refu, gumu, zito kama mtoto aliyelala. Watu wa huku, mtu wao akipotea majini au ugenini asirudi hata mfupa, huchuma yago, wakaliita kwa jina lake, wakalizika mahali pake, na moyo wa nyumba ukatulia. Kila mtu pale hemani alikuwa ameshawahi kuona likizikwa. Wakaafiki. Wengine hata wakacheka kwa namna walivyoushinda mtambo.

Dolphine peke yake aliuliza. "Yule aliyezama, yago lake likishazikwa, yeye huwa nini?"

"Hutulia," akasema Barnabas.

"Na kama hakuzama? Kama ameketi hapa?"

Barnabas akafikiri kwa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Nyar Sindo, sijawahi kuona mwenye yago akiwa nyumbani siku ya kulizika. Hilo wazee hawakutuambia. Lakini wewe una lingine?"

Akamgeukia mumewe.

"Tuzike tu," Elijah akasema. Sauti yake ilikuwa bado nzima. "Viti vya watu vinapigwa na mvua. Na hawa wageni watakula mpaka lini?"

Wakachuma yago kando ya ua wa mbuga ya wanyama iliyo karibu, wakalileta kwa toroli. Dolphine akaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu lingeitwa jina la mumewe, na hakutaka jina hilo liingie ardhini na vumbi. Akalivingirisha katika blanketi lake Elijah, lile la mistari. Mikono yake ilipokuwa inafunga, ikakuta upande mmoja wa tunda umevimba kidogo, juu kulia. Akaufunika, hakumwambia mtu.

Ibada ikafanywa. Mchungaji akahubiri kuhusu mgeni ajaye bila kubisha hodi. Jirani akasimama akasema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, na Elijah, aliyeketi nyuma ya mkewe, akamnong'oneza, "Huyu anazika mtu mwingine." Dolphine akaziba mdomo kwa leso. Walioona mabega yake yakitikisika wakadhani analia, wakamhurumia.

Akaitwa kusema, yeye kama mke. Akachukua kipaza sauti.

"Mimi nina mume," akasema. "Yuko hapa nyuma yangu. Asubuhi nilimwekea maji ya kuoga. Hilo ndilo nalijua. Hayo mengine mmekuja nayo nyinyi."

Watu wakasema amina.

Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kulia wa mlango wa nyumba, mahali pa mwenye nyumba. Jeneza likashushwa, wanaume wakaanza kurudisha udongo. Udongo wa Lambwe ukiloa ni mzito, nao wakachoka upesi. Elijah akaona si vizuri kuketi wakati wageni wanafanya kazi bomani mwake. Akaacha kiti, akaokota beleshi.

"Baba Joyline, wacha," Dolphine akamwambia. "Wako wengi."

"Nisaidie kidogo tu."

Alifanya kazi kama alivyofanya siku zote, kwa mgongo ulionyooka na bila kupumzika. Kwa beleshi la kwanza miguu yake haikuonekana tena kwenye udongo. Dolphine akamwita tena. Beleshi likaendelea kupanda na kushuka, na mikono, na shati. Kisha shati likawa halionekani, likabaki beleshi.

"Elijah, wacha wengine wamalize!"

"Namaliza tu hii upande," akasema Elijah, na sauti ilitoka palepale juu ya mpini.

Alimaliza upande ule. Beleshi likachomekwa udongoni, wima, likasimama. Watu wakangoja kwa heshima, kama mtu anavyongojewa akiwa ameenda kunywa maji. Mpini ulikuwa na jasho, jua likaukausha. Mwishowe Barnabas akasogea, akaling'oa beleshi, akamaliza upande uliobaki.

Ken akapiga picha. Simu yake ikalia mara moja.

"Imefunga," akasema. Akavua kofia.

Hapo ndipo Dolphine alipolia. Nduru yake iliwafikia watu wa ng'ambo ya bonde, nao wakashangaa kwa nini wa boma hilo wanaanza kulia leo na redio ilikwisha kutangaza. Wanawake wakamshika, wakamketisha. Wageni wakala, kwa kuwa ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa, kisha wakaondoka makundi makundi. Shemeji wa Sindo alikunja viti pamoja na wenye lori. Barnabas alikaa na Dolphine mpaka jua likaanguka, na alichoweza kusema ni kwamba yago halijui mzaha.

Mtambo ulisahau jina la Elijah kama Mogaka alivyoahidi. Lakini jinsi alivyozikwa haukuisahau. Uliona kwamba kaburi lilifungwa bila mwili kutafutwa, wala kungojwa, wala kusafirishwa, na ukapenda. Siku hizi kampuni ile inaleta yago kwa lori, limeoshwa na kuvingirishwa tayari, kwa yeyote anayelihitaji na kwa wengine pia. Watu wa visiwani, ambao ziwa haliwarudishii watu wao, wanaishukuru. Miti ya mwegea kando ya barabara haina matunda tena. Risper alihamishwa kutoka kwenye chai, sasa ndiye anayeyaosha.

Watu wa bonde nao wamejizoesha. Mtu akitaka kulala mchana humwachia mwingine simu aitikise. Wachimbaji wa Macalder huzifunga simu zao shingoni mwa mbuzi. Hakuna anayelalamika. Wanasema hata mvua ina adabu zake, lazima mtu ajifunze.

Kwa Dolphine kuna jambo moja lililosalia. Mjane kwao haingii nyumba ya mtu, wala havuki kwenda kwa wazazi wake, mpaka mumewe amjie ndotoni. Amwone, wawe pamoja kama zamani, ndipo marehemu awe amemuaga mkewe na mke aweze kutoka. Wanawake wengi hawangoji sana.

Yeye anangoja. Wake wa ndugu za mumewe humpitia asubuhi, wakasimama nje ya mlango.

"Amekuja?"

"Bado."

"Hukuota?"

"Nimeota. Niliona yago, limening'inia."

"Hilo halihesabiki, Mama Joyline."

"Najua halihesabiki."

Barnabas ameulizwa, wazee wengine wameulizwa. Wanakubaliana kwamba mume ndiye anayepaswa kuja, si tunda, na wanakubaliana pia kwamba aliyezikwa ni tunda. Kisha huagana. Joyline alikuja kutoka Nairobi akataka kumchukua mama yake kwa nguvu, akaambiwa akijaribu atamletea mama yake mkosi, akarudi analia. Dolphine mwenyewe ndiye aliyemtuliza. Alimwambia baba yake ni mtu wa kuchelewa tu, tangu ujana.

Majuzi mama yake Dolphine alituma habari kutoka Sindo. Miguu imevimba, hali chakula, angependa kumwona binti yake. Dolphine akajibu kwamba atakuja akishaota. Akaoga mapema, akajilaza upande wake wa kitanda, akaacha ule mwingine wazi.